Kwa nini mbegu za maua ya msituni hazikuota: jibu kwa msomaji wa Mikindani

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mikindani. Mwezi wa nne nilikwenda kwa wakwe zangu kule Rondo, nikarudi na mbegu za maua ya porini tulizookota na wifi yangu kwenye shamba la familia linalopakana na msitu. Ziko aina tano: mbegu nyekundu za lile ua linalotambaa, jekundu lenye manjano pembeni, matunda mekundu ya lile ua la duara linalochomoza ardhini mvua zikianza, mtipitipi, mbegu za lile ua la rangi ya machungwa lenye jicho jeusi, na ganda moja la ua linaloota juu ya mti, ndani yake mna unga mtupu. Nilizisia zote siku moja kwenye boksi la udongo wa msituni, nikaliweka uani penye jua, nikamwagilia mpaka mwezi wa sita. Limeota lile la machungwa peke yake. Nusu ya mbegu ninayo bado kabatini, kwenye mfuko wa nailoni. Nimesoma kwenye intaneti kwamba mbegu za maua ya msituni huwekwa kwenye friji miezi mitatu kabla ya kusiwa. Nifanye hivyo? Na zikiota, naweza kuipanda miche chini ya mikorosho yetu?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika mwanzoni mwa Oktoba, wakati mzuri kabisa, maana mvua bado na kazi ya kufanya ipo. Kabla ya lolote, kama lile boksi lingalipo, usilimwage. Lifunike kwa makuti, liweke mahali ambapo kuku na panya hawafiki, wala usilimwagilie mpaka mvua zianze. Baadhi ya mbegu unazodhani zimeoza huenda ziko hai humo ndani, na nitakueleza kwa nini.

Sasa friji. Ushauri ulioukuta ni wa kweli, ila umeandikwa kwa ajili ya misitu mingine. Katika misitu ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini mbegu nyingi hudondoka wakati wa joto, kisha hukaa miezi chini ya majani yaliyolowa, kwenye baridi kali na theluji. Mbegu ambayo ingechipua mara tu ilipodondoka ingeuawa na baridi hiyo, hivyo zilizodumu vizazi na vizazi ni zile zinazokataa kuota mpaka zipite majuma mengi ya baridi na unyevu. Mtu wa huko anapochanganya mbegu na mchanga mbichi na kuziweka kwenye friji, kwenye nyuzi kama 4, anaigiza majira yake. Lipo ua la misitu ya Marekani liitwalo Trillium ambalo huhitaji baridi mara mbili: baada ya ya kwanza hutoa mzizi, baada ya ya pili ndipo jani linapotokea juu ya ardhi. Anayelipanda kwa mbegu anaweza kungoja miaka saba kabla ya kuona ua.

Huku kwetu majira hayo hayapo. Usiku wa Julai, ambao ndio baridi yetu ya pwani, joto hukaa karibu na nyuzi 20. Mbegu iliyozaliwa Rondo haijui nyuzi 4 ni nini, haina sababu ya kuzisubiri, na kama ni mbegu laini yenye maji ndani, friji itaiua. Friji inafaa kwa kazi moja tu, nayo ni kutunza mbegu zilizokwisha kukauka vizuri, zikiwa ndani ya chupa iliyofungwa isipitishe hewa. Kutunza mbegu na kuiamsha ni kazi mbili tofauti, na waandishi wengi wa mtandaoni huzichanganya.

Kwa hiyo swali la kujiuliza, kwa kila mbegu uliyonayo mkononi, ni hili: tangu ilipodondoka mpaka mvua ya kwanza, huko porini ilipitia nini? Kusini tuna msimu mmoja wa mvua. Zinaanza Novemba au Desemba, zinaisha Aprili au mwanzoni mwa Mei, na kwa mwaka mzima tunapata kama milimita 900 hadi 1,100. Kisha kiangazi cha miezi mitano au sita. Lakini kiangazi hicho hakifanani kila mahali. Kwenye miombo ya Nachingwea na Liwale majani hupukutika, jua hupiga ardhi moja kwa moja, na moto hupita. Juu ya Rondo, ambako uwanda unakaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari, chini ya miti iliyosongamana unyevu hubaki kwenye tabaka la majani yaliyooza kwa muda mrefu zaidi. Pembezoni mwa msitu, pale ulipookotea wewe, hali hizo mbili hukutana. Ndiyo maana mbegu zako tano zina historia tano tofauti, na ulipozisia zote siku moja, kwa namna moja, uliipatia moja tu.

Naanza na lile ua la duara, kwa sababu hilo ndilo lisilosubiri. Wataalamu wa mimea huliita Scadoxus multiflorus. Tunda lake jekundu lina mbegu nyeupe, nene, laini, iliyojaa maji, na mbegu hiyo ikikauka imekufa. Kokwa la embe unalijua: ukiliweka rafuni mwezi mmoja au miwili halioti tena, na hili ni vivyo hivyo. Zile zilizokaa kabatini tangu Aprili sidhani kama zimepona. Zitoe uzibonyeze, iliyo ngumu na nzito isie leo, iliyosinyaa au inayonuka itupe. Zile za kwenye boksi nazo uliziweka pabaya, maana ulizizika, juani, ndani ya udongo uliojaa kuvu.

Mwakani, ukipata matunda yaliyoiva sawasawa, fanya kazi yote siku hiyo hiyo. Vua nyama ya tunda, osha mbegu mpaka isiteleze, kwa kuwa nyama ile huizuia isiote. Kisha ibonyeze juu ya udongo wenye unyevu, nusu yake ikae wazi. Usiifukie. Weka kivulini. Baada ya majuma kadhaa itatoa mzizi mnene utakaozama na kutengeneza tunguu dogo; jani hufuata baadaye, kwa hiyo usikate tamaa ukiona chombo kitupu huku chini kazi inaendelea. Katika kiangazi cha kwanza endelea kuipa maji kidogo kidogo, hata kama mama yake kule msituni amelala bila jani. Ua lenyewe utaliona baada ya miaka mitatu mpaka mitano. Ni muda mrefu, lakini likishashika hukaa miaka mingi na kuongeza watoto pembeni. Tunguu lake lina sumu, watoto walijue hilo.

Kundi hili la mbegu zisizokauka lina jamaa wengine. Maua makubwa meupe ya Crinum, yanayoota kwenye mabonde ya maji, yana mbegu ambazo huchipua hata zikiachwa mezani bila udongo wala maji. Ukikutana nayo, usiyawekee hata bahasha.

Ua linalotambaa, jekundu lenye manjano, petali zake zikiwa zimekunjika kwenda juu na ncha za majani zikijiviringa kushika chochote kilicho karibu, ni Gloriosa superba. Zimbabwe wamelifanya ua la taifa, na huko India, jimbo la Tamil Nadu, wakulima hulilima mashambani kwa ajili ya mbegu zake zinazotengenezewa dawa. Nalipenda ua hili kuliko yote ya kusini, na kwa mbegu zake nina habari njema kwako.

Mbegu ya Gloriosa huiva mvua zinapokata. Ikidondoka mwezi wa nne au wa tano na kuota papo hapo, mche ungekutana na kiangazi ukiwa na jani moja na bila kiazi. Hivyo imejifunza kulala. Ganda lake ni gumu, na mbegu mpya hukaa miezi sita hadi tisa bila kuitika hata ukiimwagilia kila siku. Wewe uliisia Aprili ukaacha Juni: ilikuwa bado katikati ya usingizi wake. Ndiyo sababu nimekuambia boksi lisimwagwe. Na zile za kabatini, kama mfuko wa nailoni haukupata ukungu, zimelala muda unaotakiwa bila wewe kukusudia.

Fanya hivi. Mwishoni mwa Novemba zitoe, sugua ile ngozi nyekundu kwa mikono yenye glavu mpaka ibaki mbegu yenyewe, kisha ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha. Zisie kwenye viriba virefu, mbegu moja kila kiriba, kina cha sentimita moja. Kirefu, kwa sababu mche huu hushusha kiazi chake chini na hauvumilii kubanwa. Kisha ngoja. Ya kwanza inaweza kutokea baada ya wiki tatu, ya mwisho baada ya miezi mitatu au zaidi. Kutoota kwa pamoja ni kinga yake porini, maana mvua za kwanza zikidanganya zikakatika, miche yote haifi. Kwako wewe maana yake ni kwamba hutupi kiriba chochote mpaka msimu mzima upite, na hata baada ya hapo vihifadhi vikavu mpaka msimu wa pili.

Mwaka wa kwanza utapata majani machache tu, yanayofanana na ya nyasi, na chini kiazi kidogo. Mvua zikiisha majani yatageuka njano na kukauka. Hapo wengi hulia kwamba mche umekufa, wanamwaga udongo. Haujafa. Acha kumwagilia kabisa, weka kiriba kivulini pakavu, andika jina juu yake. Mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili utaona ncha inachomoza. Ukihamisha kiazi, kihamishe kikiwa kimelala na ukishike kwa uangalifu mkubwa: chipukizi liko kwenye ncha yake tu, na ncha ikivunjika kiazi hicho hakina pengine pa kuchipulia. Maua huja mwaka wa pili au wa tatu.

Lakini una watoto watatu, kwa hiyo sikupi habari hizi bila ya nyingine. Gloriosa ni sumu kuanzia mzizi mpaka mbegu. Ina sumu kali iitwayo kolchisini, na kiazi chake kwa bahati mbaya hufanana na viazi vya kuliwa. Watu wamekufa kwa kukichimba na kukipika. Usilipande karibu na muhogo au viazi vitamu, usiache viazi vyake jikoni hata dakika moja, na kama mbuzi wanafika uani kwako, zungushia uzio.

Mtipitipi ni hatari zaidi, na hapa nasema wazi: ukiwa na watoto wadogo, usiusie. Mbegu ile nyekundu yenye doa jeusi inavutia macho ya mtoto kuliko peremende. Ikimezwa nzima mara nyingi hupita tumboni bila kufunguka kwa sababu ya ugumu wa ganda, lakini mbegu moja ikitafunwa au ikitobolewa inatosha kuhatarisha maisha ya mtoto. Na ganda hilo gumu ndilo lililoizuia isiote kwenye boksi lako, kwani maji hayaingii. Mbegu nyingi za jamii ya kunde ziko hivyo. Porini ganda hulegezwa taratibu na jua la mchana, moto, miguu ya wanyama na miaka. Vitabu vitakuambia usugue kwa msasa. Kwa mtipitipi sikubaliani navyo, kwa sababu unga wa msasa ni sumu ile ile inayoingia puani. Zile ulizonazo zichome moto au zifukie chini sana, na zilizo kwenye boksi, ukiona mche wenye vijani vidogo vingi vilivyopangana pande mbili za kikonyo, ung'oe.

Badala yake tafuta Clitoria ternatea, ua la buluu iliyokolea linalotambaa kwenye vichaka vya pwani. Ni wa jamii hiyo hiyo ya kunde na ganda lake ni gumu vilevile, ila hili unaweza kulisugua kwa msasa upande mmoja bila hofu, au ulimwagie maji ya moto yaliyotoka jikoni muda mfupi uliopita na kuyaacha yapoe usiku mzima. Asubuhi mbegu zilizovimba zimekunywa maji, hizo zisie. Zisizovimba zirudie. Huota ndani ya wiki moja au mbili, na mwaka huo huo unaona maua.

Lile la machungwa lenye jicho jeusi ni Thunbergia alata. Halikukusumbua kwa sababu halina usingizi wa kutaja: likipata unyevu na joto huota ndani ya wiki mbili tatu. Jambo moja tu kuhusu kulivuna. Ganda lake likikauka hupasuka ghafla na kurusha mbegu mbali, na ndivyo zilivyo nyingi za ukoo wake. Funga kitambaa chepesi kuzunguka ganda likianza kubadilika rangi, ulifunge kwa uzi, urudi baada ya siku chache. Barleria, yale ya zambarau na ya buluu yanayochanua miti ikianza kukauka, nayo ni wa ukoo huu, ila mbegu zake usiziloweke kwenye maji kabla ya kusia. Zina nywele laini ambazo zikilowa hugeuka utelezi, unashindwa hata kuzitenganisha. Zisie kavu, umwagilie baadaye. Utelezi huo utazishikisha kwenye udongo.

Unga uliouona kwenye lile ganda la juu ya mti ni mbegu za okidi, na ganda moja linaweza kuwa na maelfu kwa maelfu. Ni ndogo hivyo kwa sababu hazikubeba chakula chochote. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua kwamba mbegu ya okidi huota pale tu inapokutana na kuvu anayeilisha, na mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson akaonyesha kwamba inaweza kuoteshwa bila kuvu, ndani ya chupa, kwenye chakula chenye sukari. Kazi hiyo inahitaji vyombo vilivyochemshwa na chumba kisicho na vijidudu. Kwenye boksi haiwezekani. Kama kweli unazitaka okidi, nyunyiza unga huo kwenye magome yenye kuvumwani (ule ukoga wa kijivu au kijani unaotambaa juu ya gome) ya mti ule ule ulikoutoa, uuachie msitu ufanye kazi yake. Na usinunue okidi zilizobanduliwa porini. Zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, na kila moja unayoikuta sokoni ina shimo lake mahali fulani msituni.

Sasa kitalu. Udongo wa msituni unaonekana mzuri, mweusi, una harufu tamu, lakini kwa kusia mbegu haufai ukiwa mbichi, kwa sababu umejaa mbegu za magugu na kuvu. Tena kuuchota ni kuuvua msitu nguo. Changanya sehemu mbili za mchanga wa mto, moja ya mboji ya majani iliyooza mpaka majani hayatambuliki, na moja ya udongo wa kawaida wa shambani. Mchanga wa mto, nasisitiza, maana Mikindani ule wa ufukweni uko karibu na unashawishi, una chumvi. Mchanganyiko huo uloweshe kidogo, utandaze juani, uufunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, kingo zote zikandamizwe kwa udongo. Jua la Oktoba la Mtwara kwa wiki nne hadi sita litaupika na kuua vingi vinavyodhuru. Ukianza wiki hii utakuwa tayari mvua zinapoanza.

Udongo mmoja wa kuuepuka kabisa kwenye kitalu ni ule wa chini ya mikorosho inayopulizwa salfa kila mwaka dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Salfa ikishuka ardhini hugeuka asidi, na ikirundikana misimu mingi udongo wenyewe huwa mkali kwa miche michanga.

Kina cha kusia ni unene wa mbegu mara mbili, basi. Mbegu ndogo sana, mfano za Impatiens, yale maua ya kivulini ambayo tunda lake hupasuka ukiligusa, hazifukiwi hata kidogo: zinataka mwanga ili ziote. Zinyunyize juu, bonyeza kwa ubao, kisha usimwagilie kwa ndoo wala kopo, maana maji yatazisomba zote kona moja. Weka chombo kilichotobolewa chini ndani ya beseni lenye maji, unyevu upande wenyewe mpaka juu, halafu kitoe kichuruzike.

Kivuli kiwe cha makuti yaliyopangwa kwa nafasi, mwanga upite kama nusu. Miche ikishatoka, adui mkubwa ni kinyausi, yaani shingo ya mche kulainika usawa wa udongo na mche kulala kwa usiku mmoja. Huletwa na kusia kwa kubananisha, maji mengi jioni, na hewa isiyopita. Mwagilia asubuhi, punguza miche mapema. Konokono nao hutoka na mvua. Watafute usiku kwa tochi. Na ukumbuke lile pengo la mvua la mwishoni mwa Januari au Februari. Miaka mingine hudumu wiki mbili au tatu, na miche iliyozoea mvua ya kila siku hukauka mbele ya macho yako. Hapo ndipo makuti na kopo la maji vinapookoa msimu.

Umeniuliza kuhusu baridi ya friji. Mimi ningependa uulize kuhusu moshi, kwa sababu huo ndio ulio karibu na misitu yetu. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Afrika Kusini, de Lange na Boucher, walitangaza kwamba moshi wa majani, bila moto wenyewe, huamsha mbegu za mimea ya nyika za huko, na mwaka 2004 kemikali inayofanya kazi hiyo ikatambuliwa. Mantiki yake ni nyepesi: moto ukipita, kivuli na washindani wameondoka, na mvua iko njiani. Kwa hiyo mbegu za maua ya miombo na nyasi, sehemu zinazoungua mara kwa mara, zinastahili kujaribiwa. Sia kwenye chombo, kiweke chini ya turubai au pipa lililopinduliwa, elekeza moshi wa nyasi kavu na majani kwa muda wa saa moja hivi, nje ya nyumba, halafu mwagilia kidogo kidogo siku za mwanzo. Gawa mbegu mafungu mawili, moja lipate moshi na jingine lisipate, ndipo utajua kama umesaidia. Kwa mbegu za ndani ya msitu mzito wa Rondo usijisumbue; zile hazikuzoea moto.

Za kuhifadhi kwa msimu ujao, zile kavu tu, zitoe kwenye nailoni. Pwani hewa ina unyevu mwingi na nailoni huufungia ndani. Kaanga mchele bila mafuta mpaka upate rangi ya kahawia, uache upoe, ujaze nusu ya chupa yenye kifuniko kinachobana, weka mbegu juu yake ndani ya bahasha ya karatasi. Mchele utanyonya unyevu. Kanuni inayoaminika kwa mbegu za aina hii ni kwamba kila asilimia moja ya maji unayoipunguza ndani ya mbegu huongeza umri wake karibu mara mbili. Baada ya wiki moja, chupa hiyo sasa unaweza kuiweka kwenye friji, na hapo tu.

Kuokota: shamba la familia ni halali yenu. Mkivuka mpaka kuingia kwenye hifadhi, hiyo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) na inataka kibali. Na kama ni msitu wa kijiji, mwone mwenyekiti au kamati ya maliasili kwanza. Popote, usichukue zaidi ya moja ya tano ya mbegu zilizokomaa, na mahali penye mimea miwili mitatu usichukue kitu. Nakutia moyo uendelee, kwa moyo wangu wote. Kila mwaka pembe za misitu yetu hufyekwa kwa ajili ya ufuta na korosho, na watu wanapohesabu hasara hutaja mninga, mpingo na mvule. Haya ya chini hayatajwi, hayauzwi kwenye vitalu, na yakiondoka mahali hakuna anayejua yalikuwepo. Wifi yako akianza kitalu kule Rondo na wewe ukaanza Mikindani, tayari maua hayo yana nyumba mbili.

Mwisho, mikorosho. Chini kabisa ya shina hapafai. Kivuli ni kizito mwaka mzima, majani yaliyodondoka ni mengi, na wakati wa mavuno panapaliliwa na kufagiliwa ili korosho zionekane. Chochote kitakachochomoza hapo Oktoba kitafagiwa. Panda pale kivuli kinapoishia, usawa wa ncha za matawi, upande wa mashariki unaopata jua la asubuhi. Scadoxus ikae humo kwenye kivuli zaidi, Thunbergia na Clitoria nje kidogo zipate pa kutambaa. Gloriosa inakubaliana na ratiba ya korosho kuliko zote, kwa kuwa inalala chini ya ardhi miezi yote ya kupuliza salfa na ya kuokota, inaamka mavuno yakiwa yanaisha. Ila weka vijiti vya kuegemea mahali kiazi kilipo, mwenye jembe ajue pa kupita mbali, na waokotaji wote, wakubwa kwa wadogo, waambiwe kile si kiazi cha kula.